Siku Niliyojibu kwa Jina la Kitenge

Wiki iliyopita jirani yangu alipasua betri kuukuu za redio kwa jiwe, karibu na dirisha langu, ili achukue ule unga mweusi ulio ndani yake. Sikumuuliza anaupeleka wapi. Harufu yake ilipoingia ndani, kali na yenye ladha ya chuma, nilijikuta nimeacha kuchambua mchele, machozi yananitoka bila kuniomba ruhusa. Wewe unayesoma, usinicheke. Kuna wanaolia wakisikia harufu ya ubani, mimi nalia kwa harufu ya betri.

Ilikuwa harufu ya Jumamosi zetu, huko Mikelenge, Kindu, nilipokuwa na miaka kumi na minne. Asubuhi ya Jumamosi ilikuwa ya salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, na mji mzima ulikuwa barabarani na majembe na mapanga kufyeka nyasi za mifereji, huku mwakilishi wa chama akipita na daftari kuandika nani hayupo. Salongo ikiisha, watu walikwenda kuoga. Mimi na baba tulikwenda shuleni kwake kupaka ubao rangi. Rangi ya dukani ilikuwa imekwisha zamani, kwa hiyo tulisaga unga wa betri, tukauchanganya na majani ya matembele yaliyopondwa, tukausugua ubaoni kwa tambara mpaka ukawa mweusi tii. Mikono yetu ilibaki na rangi hiyo mpaka Jumatatu, na mama alitukataza kugusa unga wa ugali.

Baba alikuwa profesa wa Kiingereza. Kwetu kila mwalimu wa sekondari aliitwa profesa, hata kama viatu vyake vilikuwa na matundu, na vya baba vilikuwa nayo. Kitabu cha Kiingereza hakikuwapo hata kimoja shule nzima. Alikuwa amejifunza lugha hiyo kwa wamisionari, ambako aliachiwa kamusi nene, lakini mchwa waliila kamusi hiyo kuanzia mwanzo na kuanzia mwisho, wakakutana karibu na katikati. Zilizosalia zilikuwa kurasa chache, na nyingi kati ya hizo zilihusu neno moja tu, *go*. Baba alizinakili kwenye kaye, daftari la jalada la bluu, kabla mchwa hawajarudi kumalizia.

Akaamua kwamba neno hilo lingetosha. Alisema anayelijua *go* vizuri anaweza kusafiri dunia nzima bila kupotea. Na kwa kuwa hakuwa na vitabu vya kutugawia, alitufanya sisi wenyewe kuwa kitabu. Kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu alikuwa ukurasa. Alipewa sentensi moja yenye *go*, maana yake, na mfano wa nyongeza, akavishika kichwani mwaka mzima. Baba akisema "ukurasa wa tano", wa tano alisimama na kuusema kwa sauti kutoka kichwani, darasa zima likaitikia. Ukiugua homa ukakosa shule, darasa lilikosa ukurasa, na wenzako walikuja nyumbani kukulaumu.

Ukurasa wa tisa alikuwa Mwamini, rafiki yangu: *The bell goes at seven*, kengele inalia saa moja. Wa kumi na nne alikuwa Kitenge, kijana mrefu aliyekaa benchi ya nne kando ya dirisha, sauti yake ndiyo kwanza inavunjika: *The light has gone out*, taa imezimika. Mimi nilipewa shati na suruali. *This shirt goes with those trousers*, shati hili linaendana na suruali ile. Nilimlalamikia baba nyumbani kwamba wengine wamepewa taa na kengele na mimi mtoto wake nimepewa nguo. Tulicheka sana mwaka ule. Ilitushangaza kwamba kwa Waingereza kengele inakwenda, maziwa yanakwenda mpaka yanachacha, barabara inakwenda ilhali imelala palepale. Kitenge alisema Waingereza ni wavivu, neno moja wanalituma kila mahali kama kitinda mimba wa nyumba. Baba alicheka mpaka akakaa. Mji mzima ukamwita Profesa Go, na wauza samaki sokoni waliamini kabisa kwamba hilo ndilo jina alilopewa na babu yake, kwa kuwa wakati ule sote tulikuwa tumeamriwa kuacha majina ya kizungu na kurudi kwenye ya mababu.

Sasa nikwambie tulichokuwa tunakificha. Baba alizaliwa Lokandu, akakulia ukingoni mwa Lualaba, kule ambako inzi wadogo weusi, usubi, wanang'ata miguu ya wavuvi tangu utotoni. Kwanza alijikuna miaka mingi. Kisha macho yakaanza kuingia ukungu. Mwaka ninaousimulia alikuwa akiona mwanga wa dirisha, na kivuli cha mtu aliyesimama kati yake na mwanga huo, basi. Waliojua tulikuwa watatu: yeye, mama, na mimi. Nyumba tuliyolala ilikuwa ya shule. Mchele tuliokula ulikuwa wa kazi ile. Profesa asiyeona angeondolewa siku hiyohiyo, na sisi tungetoka pamoja naye na masufuria yetu kichwani.

Kwa hiyo tulijipanga. Asubuhi tulikwenda shule pamoja, mkono wake begani kwangu, na akina mama walioketi vibarazani walisema, "Ona vile anapenda mutoto yake!" Darasani aliijua kila hatua: saba kutoka mlangoni hadi mezani, tatu kutoka mezani hadi ubaoni. Alikuwa amepigilia misumari miwili kwenye ubao na kufunga uzi kati yake, akasema ni kwa ajili ya mistari kunyooka, na aliandika akiufuata uzi huo kwa kidole kidogo. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa maprofesa wote. Na kwa kuwa kitabu chake kilikuwa sisi, hakuhitaji kusoma chochote. Alituita tu, tukafunguka.

Jioni nilimsomea kaye lile la bluu ili asilisahau. Siku moja nilikuta mstari uliokuwa na *go blind*, kupofuka. Sikuwa nimewahi kuuona, kwa sababu hakuwa amempa mwanafunzi yeyote. Nikaupita, nikasoma unaofuata kwa sauti ileile, kama vile hakuna kitu.

"Umeruka moja," baba alisema.

"Sikuruka, baba."

"Feza, mutoto yangu. Umeruka. Rudia."

Nikaurudia. Akaitikia kwa kichwa kama alivyofanya kwa mistari mingine yote, akaniambia niendelee.

Katikati ya mwaka akaja inspekta. Alikuwa mtu mfupi aliyevaa abakosti ya kijivu, lile koti lisilo na tai ambalo wakubwa wote walivaa siku zile, na sisi wanafunzi tulimwogopa kwa sababu moja. Mwaka uliotangulia alimfuta shule msichana wa darasa la juu kwa kosa la kumnong'onezea mwenzake jibu. Alisema ni udanganyifu mbele ya serikali. Msichana yule hakurudi tena, akaolewa Kalima kabla ya mvua. Baba alinikalisha chini usiku wa kuamkia siku ile akaniambia, "Kesho ujibu ukurasa yako tu. Usinisaidie kitu. Umesikia?" Nikasema nimesikia.

Asubuhi, wakati baba yuko ofisini kwa prefe, mkuu wa shule, akimsalimu mgeni, lori la chama likasimama uwanjani. Mkubwa fulani alikuwa anatua na ndege kutoka Kinshasa, na kikundi cha animasio, cha nyimbo na ngoma za kumsifu Rais, kilitakiwa uwanja wa ndege kumwimbia na kumchezea. Vijana wa chama waliingia darasani bila kubisha hodi, wakawatoa wote wenye viuno vyepesi. Mwamini akaenda. Kitenge akaenda. Wakaenda karibu kumi na wawili. Mimi nilikuwa nimejaribiwa zamani na kuambiwa kiuno changu ni cha mbao. Lori likaondoka, na dakika chache baadaye baba akaingia na inspekta. Hakuna aliyepata nafasi ya kumwambia.

Tulisimama kumsalimu. Sauti ilitoka nyembamba. Nilimwona baba akiinamisha kichwa kidogo upande mmoja, kisha akahesabu hatua zake saba hadi mezani. Inspekta alikaa mbele, karibu na mlango, akafungua makaratasi yake akaanza kuandika.

Kurasa za kwanza zilikwenda vizuri. Wa kwanza yupo, wa tatu yupo, wa tano yupo. Hata kalamu ya inspekta ilitulia, nadhani alipendezwa. Ndipo baba akasema, "Ukurasa wa tisa."

Wanafunzi wakatazamana.

"Mwamini, umelala?" baba aliuliza, akitabasamu kuelekea benchi ambayo haikuwa na mtu.

Mbele yangu alikaa msichana mwenye mgongo mpana. Nikajikunja nyuma yake, nikasema haraka, "*The bell goes at seven*, kengele inalia saa moja."

Baba alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Vizuri, Mwamini."

Inspekta alikuwa bado anaandika. Hakuinua kichwa. Nikavuta pumzi, na hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu niliona nimeweza. Baba alipoita wa kumi na nne sikungoja. Nikaukaza ule mkoromo wa Kitenge kooni, nikasema taa imezimika, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na wavulana wawili nyuma yangu wakaguna wakizuia kicheko.

Kalamu ikasimama. Inspekta akatazama madawati. Hakuna aliyekuwa amesimama.

"Sitwayeni profesa," alisema, kwa kuwa siku zile hakukuwa na bwana, sote tulikuwa raia, "ni nani amejibu?"

Nataka uelewe nilipokuwa. Nilikuwa hatua nne kutoka kwa baba. Ningesimama na kusema, "Njo mimi." Ni maneno mawili tu. Nilimwona yule msichana wa Kalima, nikaona ndoa, nikaona mtoto mgongoni, na miguu yangu ikakataa.

Baba aligeuza uso wake upande wangu. Ulitulia hapo kwa muda, halafu ukaondoka.

"Ni Kitenge," alisema.

"Kitenge iko wapi?"

"Iko pale, ku benchi ya ine, kando ya dirisha."

Inspekta alisimama. Viatu vyake vilikuwa vipya, vililia sakafuni mpaka benchi ya nne. Akaweka kiganja juu ya dawati tupu la Kitenge, akaligonga mara mbili.

"Hapa?"

"Ndiyo, hapo," baba alisema. "Kaa, Kitenge. Umejibu vizuri."

Hakuna aliyecheka tena. Nje mbuzi alikuwa analia, na ninakumbuka nikimchukia mbuzi yule. Inspekta alivua miwani yake, akaisugua na ncha ya koti lake. Alipozungumza sauti yake ilikuwa imeshuka, wala hakukumbuka tena kuuliza nani amejibu.

"Profesa, macho yako. Tangu lini?"

"Tangu mvua ya mwaka jana," baba alisema. Akapapasa meza, akaokota chaki yake, akaitia mfukoni. Kisha akatuambia turudi nyumbani kwa utulivu, na wakatoka nje wawili, inspekta akimshika kiwiko.

Barua ilifika kabla ya mwisho wa mwezi. Tulihama nyumba ya shule, tukapanga chumba kimoja ng'ambo ya mto, Alunguli, na mimi nikawa navuka kwa mtumbwi kila asubuhi kwenda masomoni, maana prefe alinihurumia akaniacha nimalize. Mama alianza kuuza mawese. Mji, kama unavyojua miji, ulipata cha kuchekea. Watoto waliokutana na baba njiani walipaza sauti, "Kaa, Kitenge! Umejibu vizuri!" na kukimbia, ingawa hakuna haja ya kumkimbia mtu asiyeona. Kitenge mwenyewe alikuja nyumbani akilia, akaomba msamaha kwa kuchukuliwa na lori, kana kwamba lori lilimuuliza. Baba alimkumbatia na kumwambia hana kosa. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia la mlango, nikisikiliza kijana asiye na kosa akiomba msamaha niliopaswa kuuomba mimi.

Niliamini nimemmaliza baba yangu. Niliamini kwamba kwa sauti yangu ya uongo nilimdanganya kipofu, akalitazama benchi tupu akidhani lina mtu, na kwamba siku atakayogundua ni mimi, hatanisamehe. Kwa hiyo nilimkimbia. Jioni, kazi zikiisha, aliketi kwenye kigoda chake nje ya mlango, kaye la bluu magotini, akaita, "Feza! Kuja unisomee kidogo." Nami kila mara nilikuwa na kazi. Nilijua kwa hakika kwamba nikiketi karibu naye ataniuliza. Nikasema naumwa kichwa. Nikasema nina mtihani. Zaidi ya yote nilisema maji yamekwisha, na kama hayakwisha, nilikwenda nyuma ya jiko nikayamwaga, nikashika ndoo nikateremka mtoni, nikakaa kule mpaka giza.

Hakunigombeza hata siku moja. Alifariki mwaka wa pili wa Alunguli, kwa homa ya siku chache, mwanzoni mwa masika. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nililia, lakini, Mungu anisamehe, katikati ya kilio kile palikuwa na punje ya nafuu, kwamba sasa hatanigundua tena.

Nilimaliza shule, nikawa mwalimu mimi pia, wa watoto wadogo, si profesa. Ilikuwa mwaka wangu wa pili kazini. Nilikuwa nimewapa mgongo, naandika hesabu ubaoni, huku nikiita majina. Nikaita jina la mtoto mmoja mtoro, na sauti ikaitika, "Niko!" Bila kugeuka, bila hata kufikiri, nikasema, "Wewe si yeye, wewe ni Bahati, nyamaza." Darasa likacheka kwa mshangao. Bahati aliuliza nimejuaje na mimi sina macho kisogoni. Nikamjibu kwamba kila mwalimu anazijua sauti za watoto wake, hata akiwa amelala.

Nikabaki nimesimama vilevile, uso ubaoni. Watoto wakaanza kupiga kelele, na sikuwasikia.

Alinijua. Mtu aliyesikia nimeruka mstari mmoja kwenye kaye, angewezaje kutomjua mtoto wake mwenyewe aliyekuwa hatua nne mbele yake, akikoroma kama mbuzi? Alinijua tangu jibu la Mwamini, ndiyo maana alinyamaza. Na kwa kuwa alinijua, alijua pia kwamba Mwamini hayupo, na Kitenge hayupo, na kwamba benchi ya nne ni tupu. Inspekta alipomuuliza, alikuwa na jibu mkononi la kumwokoa. Angesema, "Ni Feza, na Kitenge hayupo," angeonekana profesa mwenye macho makali kuliko wote Kindu, mimi ningefutwa shule siku hiyo, na yeye angebaki na kazi yake na nyumba yake mpaka mwaka uishe. Aligeuza uso kwangu, akapima, akachagua. Akamwambia mtu asiyekuwapo akae, mbele ya watoto wake wote, akijua watamcheka.

Hakuniita jioni zile ili anihukumu. Alikuwa amekwisha kulipa, na alichotaka ni kusomewa na yule aliyemlipia. Nimewasimulia wanangu habari hii mara nyingi, na kila mara wananifariji kwamba nilikuwa mtoto, sikujua. Ni kweli, sikujua. Lakini kuna jambo ambalo siwaambii, ninakwambia wewe. Jiko letu la Alunguli lilikuwa la makuti, hatua kumi tu kutoka kwenye kigoda chake. Baba alisikia kila kitu. Kila jioni aliponiita, alinisikia nikimwaga yale maji.